Ubao Mrefu Kuliko Mwenyewe

Katika duka la don Hernaldo Quijada, pale bondeni chini ya volkano, ubao wa kutelezea theluji ulichaguliwa kwa kipimo kimoja tu: kidevu. Mteja anaingia, anavua kofia, anasimama wima kando ya nguzo, na don Hernaldo anamsimamishia ubao mbele ya kifua. Ncha ikigusa kidevu, huo ndio wako. Ikipita kidevu, mrefu mno. Ikiishia kifuani, wa watoto huo. Alikuwa amelipima bonde zima hivyo kwa miaka ishirini na mitano, na ukimbishia alikuonyesha nguzo yenyewe, imejaa alama za penseli na majina ya watu, kana kwamba nguzo ile ilikuwa na shahada ya chuo kikuu.

Yasna Retamal, mpwa wake aliyemlea mwenyewe, alikuwa na alama yake hapo tangu ana miaka kumi na minne. Alama haikupanda tena, kwa sababu Yasna aliacha kurefuka na badala yake akapanuka, akapata mabega na mapaja ya mtu anayepasua kuni kila asubuhi. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na bado mjomba alimpa ubao uleule wa sentimita mia na arobaini. Kidevu hakijahama, alisema, basi ubao nao usihame.

Jumatano moja ya Agosti, ambao huko ni katikati ya majira ya baridi, Yasna aliingia dukani na theluji yake miguuni, akapita nguzo bila kuiangalia, akaenda kuushusha ubao uliokuwa unaning'inia juu ya jiko la kuni. Ulikuwa wa sentimita mia na sitini na mbili, pua pana, mkia mfupi, na haukuwahi kukodishwa kwa kuwa hakuna aliyekuja na kidevu cha urefu huo.

"Huo rudisha," don Hernaldo alisema bila kugeuka. "Huo wa majitu."

"Nauchukua kwa mtihani wa Jumamosi, mjomba."

Wote mle ndani waligeuka, hata Baltazar Ulloa aliyekuwa anapaka nta ubao wake huku akipiga mluzi. Walijua mtihani gani. Kikosi cha uokoaji cha mlimani kilikuwa na nafasi moja, na mwombaji aliruhusiwa kujaribu mara mbili tu maishani. Yasna alikuwa ameshaitumia ya kwanza.

Mtihani ni huu: unashuka Ukuta, mteremko mkali ambao upepo umeufagia ukawa mgumu kama jiwe, kisha unavuka Uwanda wa Maksai, ambako upepo huohuo umemwaga theluji laini hadi kiunoni. Mwisho wa uwanda amelala mgonjwa. Kwa desturi yao mgonjwa ni mtu wa kijijini, anafungwa mguu kwa kijiti, analazwa kwenye theluji na haruhusiwi kusema neno mpaka mwokoaji amfikie. Mwaka uliopita mgonjwa alikuwa don Hernaldo. Ubao wa Yasna ulizama katikati ya uwanda, ukakwama, naye akaendelea kwa miguu, anatumbukia na kujichomoa, saa nzima na zaidi. Mzee alingoja mpaka midomo ikawa ya bluu. Mwishowe aliinuka, akafungua kijiti, akaenda zake nyumbani. Wanakijiji walicheka majira yote ya baridi: mgonjwa wa Yasna amepona akimsubiri.

Kicheko hicho kilimwuma Yasna kuliko alivyoonyesha. Kilichomwuma zaidi ni ile midomo ya bluu.

"Njoo kwenye nguzo," don Hernaldo alisema sasa. "Tupime mbele ya watu, mwenyewe uone."

"Tupime, ndiyo. Lakini si hapo."

Duka lile zamani lilikuwa ghala la viazi, na mizani ya viazi ilikuwa bado kwenye kona, imezikwa chini ya glavu zilizopoteza jozi. Yasna aliziondoa zote. Alivaa viatu vya kutelezea, akajitwika begi lenye koleo, kamba, blanketi na dawa, akapanda. Chuma kililia.

"Soma, mjomba."

"Mwanangu, hapa mbele za watu?"

"Soma kama ulivyokuwa unasoma magunia."

Don Hernaldo alitazama watu, akatazama mizani, akakohoa. "Themanini na tisa."

"Gunia moja na ndoo juu!" Baltazar alipaza sauti, na wawili waliokuwa wanakunywa chai ya majani ya mate karibu na jiko wakacheka. Baltazar naye alikuwa mfupi, shingo nene, na alikuwa anawania nafasi ileile. "Bonge, siku hiyo wewe utapanda ubao au ubao utakupanda wewe?"

Yasna alijisikia uso unawaka hadi masikioni. Hakushuka.

"Theluji haijui kidevu changu kiko wapi," alimwambia mjomba. "Inajua kilo tu. Kilo themanini na tisa juu ya kijiubao kile lazima zizame. Na huko Ukutani, makali mafupi hayashiki. Yanaparuza, mwendo unaisha, nafika uwandani nimeshasimama."

"Na huo mrefu hautageuka. Utakupeleka mitini."

"Uwandani hakuna miti."

"Fanya unavyotaka, kichwa kama nyumbu. Ila vifungo vya kushikia viatu sikufungii mimi."

Basi alivifunga mwenyewe, amepiga magoti sakafuni na bisibisi mkononi, akavisogeza tundu mbili nyuma ili pua ibaki nyepesi kwenye theluji laini. Mzee alisimama kando amekunja mikono, anajifanya anahesabu soksi. Alivumilia skrubu tatu.

"Hiyo ya nne hujaikaza," alisema hatimaye, kwa hasira.

Alhamisi, mlimani, ubao ulimwaibisha. Alizoea kuusukuma mkia kwa mguu wa nyuma, na kile kifupi kilikuwa kinatii papo hapo. Huu haukutii. Ulimchukua moja kwa moja mpaka kwenye wavu wa rangi ya chungwa uliozungushwa kando ya mteremko, ukamwacha ananing'inia humo miguu juu. Baltazar alipita juu yake kwenye kiti cha waya kinachopandisha watu mlimani, akamwimbia wimbo wa kumbembeleza mtoto.

Aliinuka. Akapanda tena. Mara ya saba, kwa kuchoka tu, aliacha kusukuma. Aliulaza ubao kwenye makali, akakunja magoti, akangoja. Ikapita sekunde moja ndefu ya kuogofya, halafu chuma kikauma barafu na ubao wote ukazunguka wenyewe, mzito, mtulivu, bila kuparuza hata kidogo. Yasna alisimama na kutazama juu. Nyuma yake palikuwa na mstari mmoja mwembamba uliopinda vizuri, si ule mkwaruzo mpana aliouchora maisha yake yote. Alicheka peke yake kama mwehu. Ijumaa alishinda huko akichora mistari, na jioni theluji ikaanza kuanguka, nzito, ikaanguka mpaka alfajiri.

Jumamosi asubuhi Ximena, mkuu wa kikosi, alisimama juu ya Ukuta na saa mkononi. Mgonjwa alikuwa ameshalazwa ng'ambo. Yasna hakuuliza ni nani, maana dukani kulikuwa kumefungwa na mzee hakuonekana kwenye chai.

Baltazar alitangulia. Dakika tano baadaye Ximena alimgusa Yasna begani.

Ukuta ulikuwa umeachwa uchi na upepo, barafu inang'aa. Miguu yote ilimwambia asukume mkia, apunguze mwendo. Alikataa. Alilala upande wa vidole, akangoja, chuma kikauma. Akalala upande wa visigino, akangoja, kikauma. Mwendo haukupotea hata chembe. Uliongezeka, na hofu ikaongezeka nao, akaiacha ipige kelele. Chini aliona mahali weupe unapobadilika, barafu inapoishia na ile laini inapoanza. Hapo ndipo mwaka jana alipopiga breki. Safari hii aliunyoosha ubao, akaegemea nyuma kidogo, akaingia.

Pua ilipanda juu. Ndiyo, ilipanda, akaiona inajitokeza mbele yake na theluji inapasuka pande zote mbili, na chini ya miguu hakukuwa na sauti yoyote. Katikati ya uwanda alimwona Baltazar amezama hadi kiunoni, anakichimbua kijiubao chake kwa mikono.

"Nivute, bonge!" alipiga kelele. "Nitupie kamba!"

"Nikisimama tutakuwa wawili!" Yasna alijibu, na alikuwa ameshampita. "Nikirudi!"

Ubao ulimbeba mpaka mwisho, mpaka hatua sita kutoka kwenye lile blanketi la kijivu. Aliusimika wima kwenye theluji kama inavyotakiwa, ili wenzake waone mahali, akapiga magoti. Don Hernaldo alikuwa amefumba macho kwa utiifu wote wa mgonjwa. Midomo yake ilikuwa myekundu. Yasna aliitazama hiyo midomo, akasahau kufungua begi.

Mgonjwa akafumbua jicho moja, akautazama ule ubao uliosimama juu yao, akautazama kutoka mkia hadi pua.

"Dakika ngapi?" akanong'ona.

"Mgonjwa haongei."

"Nauliza tu. Hata mguu haujafa ganzi." Alifumba jicho, kisha machozi yakatoka chini ya kope yakielekea masikioni. "Nifunike basi. Fanya kazi yako."

Jumatatu duka lilijaa. Yasna alikuwa ameketi karibu na jiko na koti jekundu la kikosi, anakunywa chai yake ya mate taratibu. Mlango ulifunguka, akaingia Baltazar, akavua kofia bila kumtazama mtu, akaenda kusimama kando ya nguzo, akainua kidevu.

"Shusha hicho," don Hernaldo alimwambia. Mizani ya viazi ilikuwa pale pale miguuni pa nguzo, imefutwa vumbi na kutiwa mafuta. "Panda hapa. Na viatu vyako, na begi lako."

Baltazar alitazama watu. Watu walimtazama. Akapanda, na chuma kikalia kuliko kilivyolia Jumatano.

"Yasna, soma wewe," mzee alisema. "Macho yangu siku hizi."

Yasna aliweka chai chini, akainama, akasoma kwa sauti ya magunia, mpaka ng'ambo ya barabara wakasikia: "Tisini na nane!"

Duka zima lilicheka, na Yasna aliwaacha wacheke mpaka waishiwe pumzi. Kisha alikwenda ukutani, akamchagulia ubao wa mia na sitini na tano, akamkabidhi pamoja na bisibisi.

"Tundu mbili nyuma," alimwambia. "Na ile ya nne ikaze."