Kamba ya Magunia

Bibie alisukuma mlango wa chumba cha ndani kwa kiwiko, mikononi kabeba jiwe la moto lililofungwa kitambaa. Kitanda kilikuwa kitupu.

Haijapata kutokea. Bintiye Mwanakhamisi, miaka kumi na mitano, akija likizo Chimala kutoka shule ya bweni na siku zake zikamkuta hapo, chango humkunja kama jongoo. Hulazwa, hukandwa, hata ndoo haruhusiwi kuinua. Shangazi yake Siwema alishakata shauri: dawa ya chango ni mume na kuzaa. Wajumbe wa posa walikuwa njiani kutoka Iringa. Muhidini, baba mtu, alipanda lori la mpunga kwenda Mbeya akisema, "Matumbo ya kike siyajui mimi. Asome au aolewe, mke wangu, neno lako ndilo neno."

Nyuma ya ghala kulikuwa na kishindo. Bibie akazunguka kona. Jiwe likamponyoka, nusura limponde kidole.

Mwanakhamisi alikuwa akiruka kamba! Kamba ya katani ya kufungia magunia, kanga kaipandisha magotini, jasho linamtiririka.

"We mtoto! Leo? Unataka kizazi kikudondoke hapa kwenye pumba?"

"Shikamoo, mama." Hakusimama.

"Marahaba ya nini! Nani kakufundisha wazimu huu?"

"Mwalimu Damari. Alinikuta nimejikunja bwenini, akanivuta uwanjani. Nilidhani ananiua, nikamlaani moyoni. Sasa tunakimbia kila asubuhi. Tumbo linauma bado, mama, lakini sitapiki tena, wala sikosi darasa."

"Mbona hukusema?"

"Ungekubali?"

Siwema akatokea mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Lahaula! Wifi, unamtazama tu? Wageni wameshashuka kwenye lori, mwali anarukaruka kama mbuzi! Mwingize ndani. Akizaa mmoja tu, chango kwisha."

Kiuno cha Bibie kilikuwa kikikatika tangu alfajiri. Yeye naye alikuwa katika siku zake, na jiwe lile alikuwa kajikanda nalo mwenyewe kwanza kabla ya kumpelekea mtoto.

"Wifi, mimi nimezaa wangapi?"

"Watano, Mungu akukuzie."

"Na leo asubuhi niliinama kwenye kinu nikashindwa kuinuka. Chango langu litakwisha lini?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza Bibie habari ya chango lake.

"Lete kamba hiyo," Bibie akamwambia binti yake.

"Mama!"

"Lete."

Akajifunga kibwebwe, akaruka. Kamba ikamnasa kisigino. Akaruka tena, ardhi ikatikisika, kuku wakatawanyika.

"Bibie, utakufa!" Siwema akapiga ukelele.

"Legeza magoti, mama! Pumua!"

"Hodi hapa," ikasema sauti ya kiume.

Wazee wawili wa kanzu na kofia walikuwa wamesimama penye kona ya ghala. Wa mbele alikumbatia kifurushi cha posa, macho yamemtoka pima. Siwema akajifunika uso kwa kanga.

Bibie hakuacha kuruka.

"Karibuni, wageni," akasema, pumzi zikimkatika. "Chai ipo. Mchumba hayupo. Ana shule."