Kuwatafuta Walioacha

Rabson aliuliza njia akiwa ameficha mikono mifukoni, maana ilikuwa inatetemeka.

"Samahani, kaka. Kuna kikundi kinakutana leo kwenye ukumbi wa kanisa."

"Kikundi cha nini?"

Yeye, fundi wa kuchomelea mageti mwenye karakana yake Njombe mjini, aseme barabarani kwamba anatafuta kikundi cha walevi? "Cha maendeleo," akajibu. Akaelekezwa kwa akina mama wa vikoba waliokuwa wakihesabu akiba zao, nao wakamkodolea macho mpaka akatoka kinyumenyume.

Nesi mmoja Njombe ndiye aliyemdokeza habari za kikundi hicho cha Makambako. Rabson alifurahi kwamba ni mbali, hakuna anayemjua. Mkewe, Flora, alikuwa amesharudi kwao. Baba yake Flora, mzee Kasimiri, katekista anayeheshimiwa kigango kizima, alikuja mwenyewe kumchukua, na mbele ya majirani akasema, "Sikumlea binti yangu aje kuokota mlevi mtaroni." Maneno hayo yalimchoma Rabson, na tangu juzi hakuwa amegusa pombe.

Upepo ulimpiga, lakini shati lilikuwa limelowa jasho. Akakata kona, na harufu ya ulanzi, pombe ya mianzi, ikamfikia kabla hajaiona klabu yenyewe. Alijiambia anaingia kuuliza njia tu.

"Kamwene, kaka, karibu ukae," alisema mwenye klabu, mwanamke mnene aliyeitwa Avelina.

"Nauliza njia tu, dada."

"Utaiuliza umekaa. Mbona unatetemeka hivyo? Huu ni mtogwa, bado mtamu, hata bibi harusi anakunywa."

Kopo likawa mkononi mwake. Hakukumbuka kulipokea. Povu lilimgusa kidole, na mate yakamjaa mdomoni. Mafunda mawili tu, mikono ingetulia, moyo ungeacha kumpiga kama nyundo. Kopo likapanda hadi kidevuni.

"Natafuta watu walioacha pombe," alisema.

Klabu nzima ikamsikia. Mtu mmoja akapasua kicheko: "Ndio umekuja kuwatafuta huku?"

Avelina hakucheka. Alimbandua vidole kimoja kimoja mpaka kopo likatoka. "Si ungesema mapema? Pita kanisa, uone ukumbi wa bati la bluu. Nenda sasa hivi, kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mfanyabiashara."

Alikwenda karibu kukimbia. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, watu wameketi duara, na mama mmoja mwenye kitenge cha njano alikuwa anazungumza. Rabson akaingiza mguu mmoja, akaganda.

Aliyeketi akiuelekea mlango alikuwa mzee Kasimiri.

Wamemwita aje kuwahubiria, ndivyo Rabson alivyodhani. Lakini mzee alishasimama, uso umempauka.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimnyooshea kidole. "Nani amekutuma? Flora? Amekutuma unifuatilie?"

Ndipo Rabson alipoelewa. "Hakuna aliyenituma, baba. Nimekuja kwa ajili yangu."

"Mnajuana?" aliuliza yule mama. Jina lake Telesia, na ndiye aliyekiongoza kikundi.

"Ni mkwe wangu," mzee alisema, akakaa kama aliyekatwa miguu. "Nilimtangaza kuwa mlevi mbele za watu, na siku hiyo hiyo nilikuwa na chupa kwenye koti."

Hasira ilimpanda Rabson mpaka masikio yakaziba. Simu ilikuwa mfukoni. Neno moja kwa Flora, na mzee huyu asingesimama tena mbele ya waumini. Akaipapasa, ikamponyoka, ikaanguka sakafuni, na alipoinama kuiokota ukumbi ukazunguka.

Telesia alimdaka bega. "Umekunywa lini mara ya mwisho?"

"Juzi."

"Na kabla ya hapo?"

"Kila siku. Tangu asubuhi."

"Mwili uliozoea hivyo ukikatiwa pombe ghafla unaweza kukuangusha kwa degedege. Hospitali kwanza, kaka, kikao baadaye. Nani anampeleka?"

Mzee Kasimiri akasimama. Alimshika Rabson kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya mahari, wakatoka.

"Usimwambie Flora," mzee alinong'ona njiani.

Meno ya Rabson yalikuwa yanagongana. Aliuona mlango wa hospitali, akaona unasogea upande, kisha hakuona kitu.

Alipozinduka alikuwa na dripu mkononi. Muuguzi alimwambia kwamba alianguka mapokezini, na kwamba kama angekuwa peke yake porini wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Nje ya dirisha mzee Kasimiri alikuwa kwenye simu, akipayuka kama wazee wasioamini kwamba simu inafikisha sauti.

"Flora, mwanangu, njoo Makambako. Hapana, hajanywa. Ameacha, ndiyo maana anaumwa. Mimi? Mimi niko naye. Ukifika nitakueleza nilikuwa natafuta nini huku."

Flora alifika kesho yake na kanga begani. Alimtazama mumewe kitandani, kisha baba yake aliyekaa pembeni akigeuzageuza kofia mikononi. Akavuta kiti, akakaa katikati yao.

"Haya," alisema. "Anaanza nani?"

"Mimi," mzee akajibu.