Mabango ya Mimunt

Asubuhi ya mkutano, Mimunt alipanda juu ya zizi akaling'oa paa. Mbuzi walibaki wakimkodolea macho. Jirani yake Luiza akauliza kutoka ng'ambo ya ua kama amerukwa na akili.

"Bado. Nikirudi kutoka mkutanoni niulize tena."

Paa hilo lilikuwa mabango matatu ya bati. Mradi wa Mizeituni. Mradi wa Nyuki. Mradi wa Mbuzi wa Maziwa. Kila mradi ulipanda vilima vya Ketama na wakubwa wake, ukanywa chai, ukapigwa picha, ukaondoka na kuacha bango. Mimunt aliyafunga juu ya punda, akateremka hadi ukumbi wa ushirika kuwarudishia wenyewe.

Ndani watu wawili walikuwa wamekabana koo. Injinia Tazi, kutoka serikalini huko Rabat, alitaka watu wang'oe bangi, wapande mbarika. Mbegu zikamuliwe mafuta ya magari, nchi iache kununua dizeli nje. Haji Amzian, mwenyekiti wa ushirika, alitaka bangi hiyo hiyo, ila ya leseni, iuzwe kwa watengeneza dawa.

"Mbarika hauhitaji maji!" alisema Injinia.

"Na mnunuzi je, haumhitaji?" alijibu Haji, na ukumbi ukaangua kicheko.

"Bangi imewaletea nini? Nusu ya wanaume wenu wako mafichoni!"

"Wako huko kwa sababu ilikatazwa. Ruhusuni, muone kama hawatashuka!"

Mimunt hakucheka. Mumewe, Allal, alikuwa na mwaka wa nane milimani kwa sababu ya hati ya kukamatwa. Nunja, binti yao, alimjua baba kama mtu anayekuja siku za ukungu.

Fomu zikagawiwa. Mbarika au bangi ya leseni, fomu ilikuwa moja. Wake wa wasiokuwepo wangeweza kuweka dole gumba. Wengi walidhani Mimunt hajui kusoma, kumbe alikuwa amejifunza msikitini misimu mitatu ya baridi. Alipofika mstari wa nne, damu ilimchemka.

"Haji, hapa pameandikwa mwenye shamba anakiri kulima zao lililokatazwa."

"Ni utaratibu tu, shemeji. Weka kidole twende."

"Utaratibu gani wa mke kumshitaki mumewe? Allal ni binamu yako, huoni hata haya?"

Haji akainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

"Mama," Injinia aliingilia kwa upole, "taifa linahitaji mafuta."

"Na huyu anasema linahitaji dawa. Mimi nahitaji mume wangu mezani, mbona haja yangu haina mkutano? Mbarika nitapanda. Bangi yenu ya leseni nitapanda. Hata mawe nitapanda mkiniambia yanaota. Futeni hati kwanza."

"Hilo haliko katika uwezo wangu," alisema Injinia.

"Basi na kidole changu hakiko katika uwezo wako."

Aliirudisha fomu ikiwa tupu. Wanawake waliokaa karibu na mlango wakarudisha zao, mmoja baada ya mwingine. Alipotaka kuyashusha mabango, Injinia alisema hayo ni ya idara nyingine. Mimunt akapanda nayo tena kilimani, hasira zikimsukuma kuliko miguu.

Kwa Luiza kulikuwa na rangi ya buluu iliyobaki ya milango. Mimunt aligeuza bango la mizeituni, akaandika kwa herufi kubwa: MRADI WA KUWARUDISHA WAUME. Chini yake: MFADHILI NI MIMUNT. Akalisimika juu kabisa ya shamba, likitazama mlima.

Haji alikuja akihema. "Shemeji, ling'oe! Askari wataliona!"

"Bango hufanya kazi gani nyingine?"

Luiza akaomba la pili, kwani na mumewe alikuwa huko huko. La tatu lilichukuliwa na wajane wawili ambao hawakuwa na wa kumrudisha, bali walikuwa wamechoka tu.

Siku ya nne anga lilikuwa jeupe, jua likiwaka utosini. Allal aliteremka kwa njia kubwa, mikono mitupu, akapita katikati ya kijiji kizima. Nunja alimkuta mlangoni, akatazama juu, kisha akamtazama tena.

"Baba, mbona leo hakuna ukungu?"

"Najua," alisema Allal, akaketi mezani.

Mimunt alimwekea mkate na maharagwe. Kisha akaenda kuufungua mlango wa mbele, ambao kila Allal alipokuja ulifungwa kwa komeo, akauacha wazi.