Lango la Ushuru Sebuleni, Siku ya Posa

Usiku wa jana niliota barabara imepita sebuleni kwangu. Iliingia kwa mlango wa mbele, ikaufuata ule uvimbe wa sakafu ambapo kila mgeni wangu hujikwaa, ikatokea jikoni. Matope mpaka kwenye makochi. Juu ya uvimbe kuna lango: mti mrefu umelala kuikata njia, una sauti ya mtu aliyekula akashiba.

Upande wa jikoni niko mimi, binti yangu Mwanahawa, shangazi yangu na sinia la wali. Upande wa mlango wako watu wa posa na mshenga wao, Mzee Shekiondo, mwembamba kama ufito, kashika kitambaa kilichofungiwa posa. Adhuhuri ikiadhiniwa hawajaingia, posa inahamia kwa jirani, Mama Zaituni, ambaye naye ana binti.

"Hodi," anasema mshenga.

"Karibu."

"Ushuru," linasema lango.

Naliuliza nani kaliweka sebuleni kwangu.

"Bodi. Zamani kila mwanakijiji alitoa siku zake kuitengeneza barabara hii. Walikuja na majembe, wakakaa pembeni kusengenya mpaka jua likatua. Magari ya farasi yakazama. Ndipo wenye mashamba wakaunda bodi, na bodi ikaniweka mimi."

"Kusengenya nako ni kazi," nasema.

"Hata wao walisema hivyo."

Sasa tuko mashambani. Sebule imebaki zulia tu. Bata bukini wanakwenda sokoni, miguu imechovywa lami iwe viatu. Wanalipa manyoya. Jeneza linapita bure na wafiwa wake.

"Na wa posa?" nauliza.

"Hawamo kwenye sheria, basi nawapima kama magurudumu. Gurudumu pana linasawazisha barabara, linapita bure. Jembamba linaichimba, linalipa. Mzee huyu ataichimba mpaka kwenye mizizi. Nipe hicho kitambaa."

Mzee Shekiondo anaitazama miguu yake. "Wembamba wangu umesemwa sana," anasema, "lakini hili la kuchimba barabara ni jipya."

"Jamani, kwangu hakuna lango," anaita Mama Zaituni ng'ambo ya shamba. "Na chai imeiva."

Mwanahawa anafunika wali.

Naliuliza lango gurudumu moja linaruhusiwa kuwa na watu wangapi.

"Sheria haisemi."

Basi nawaita wote, kama ninavyoita watu siku yoyote ya shughuli. Watu wa posa, wafiwa, wenye bata na bata wao. Tunashikana viuno, mshenga katikati. Maiti naye anaketi ndani ya jeneza, anauliza kuna nini, anashuka, anashika kiuno cha shangazi yangu.

"Upana?" linauliza lango.

"Nyumba nzima."

Lango linainuka. Tunabingirika, na chini yetu ule uvimbe unazama taratibu kama ugali wa moto. Mshenga anamnyooshea Mwanahawa kitambaa. Adhana inaadhiniwa.

Ilikuwa ya alfajiri, nami niko kitandani.

Asubuhi hii watu wa posa wakapiga hodi kweli. Wakaingia mmoja mmoja, na hakuna aliyejikwaa. Mzee Shekiondo akasimama katikati ya sebule, akapapasa sakafu kwa kidole cha mguu. Ilikuwa tambarare. Pale palipokuwa na uvimbe kulikuwa na unyayo mmoja mdogo, mweusi, wa lami.

"Mama Mwanahawa," akasema, "mnafuga bata?"

"Hatufugi."

Akaketi, akanipa kitambaa, akaificha miguu yake myembamba chini ya kochi.