Moto wa Mama Antonia

Moloimet alipoletwa Kansay, mchungaji alimkabidhi kwa Bartolomeo akasema wafanye kazi wawili wawili. Mpango huo ulikuwa na akili. Bartolomeo alizaliwa Endamarariek, Mwiraqw kwa baba na mama, na alijua nani hasalimiani na nani na mlango upi haupigwi hodi. Moloimet alikuwa mtoto wa wafugaji wa Ngorongoro, mwenye Kiswahili safi cha shule na miguu isiyochoka. Walipewa mwaka mmoja wa huduma bila mshahara, baiskeli moja, na chumba nyuma ya kanisa.

Juma lao lilikuwa na mpangilio. Jumatatu walifua na kuwakatia wajane kuni. Jumanne na Jumatano walitembelea nyumba. Alhamisi mafundisho ya ubatizo, Ijumaa kwaya, Jumamosi kufagia kanisa, Jumapili ibada, kisha wanaanza upya. Moloimet alikuwa kijana wa kumpokea mtu ndoo kabla ya kumwuliza anakwenda nayo wapi. Watu walimpenda kwa hilo, na hakuna aliyefikiri kumkanya.

Wiki ya Krismasi Bartolomeo alishikwa na homa, kaka yake akaja kumchukua ampeleke kwa mama yao. Moloimet akabaki peke yake. Ulikuwa mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, na duka la ushirika lilibaki na rafu na muuzaji, basi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, kibiriti hakuna. Watu walitunza moto kama wanavyotunza mtoto. Jioni waliufukia kwenye majivu, asubuhi wakaufukua, na aliyezimikiwa alikwenda kwa jirani na kigae kuomba kaa.

Chini ya kilima, ng'ambo ya korongo, alikaa Marsela peke yake. Wengi walimwita Mama Antonia. Mtoto wake mchanga alikuwa amekufa mwaka uliotangulia akiwa bado ananyonya. Mume alikwenda kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani na hakurudi. Binti aliyebaki, Antonia, alilelewa na bibi yake Cresensia, karibu na kanisa. Bartolomeo alikuwa akimsalimia Marsela kutoka njiani, kwa sauti, kisha anapita. Moloimet alipouliza kwa nini hawaingii, mwenzake alimjibu kwamba mama yule yuko kwenye metimani, atatolewa baada ya Sikukuu, wataingia wakati huo. Kisha akaendelea kusukuma baiskeli. Moloimet akaelewa kwamba ni maombolezo, akaacha hapo.

Ilikuwa zaidi ya maombolezo. Mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya hutengwa ili kifo kisihamie kwa wengine. Ana njia yake ya kwenda mtoni, kibuyu chake na moto wake. Haingii kwa mtu wala mtu haingii kwake, mpaka wazee wamwoshe. Marsela aliyashika hayo yote bila kukosea, na alikuwa na sababu. Januari Antonia angeanza darasa la kwanza. Mama alitaka aanze akiwa hana doa, akae dawati moja na wenzake bila mzazi wa mtu kuja kumvuta mwanawe pembeni. Kwa hiyo alimwona binti yake kutoka ng'ambo tu. Mtoto alipojaribu kuvuka, Marsela aliokota kokoto akamtupia miguuni, kama anayefukuza mbuzi shambani. Kumtupia mwanao mawe kwa faida yake ni kazi, na aliifanya kila alipolazimika.

Jumatano Moloimet alishuka na shoka. Marsela alitoka nje akasimama mbali, akamwambia asisogee. Alimruhusu akate kuni na kuziacha njiani. Kijana alipokuwa anaondoka, mama alimwita.

"Baada ya Sikukuu uje ule ugali humu ndani," alisema. "Antonia ndiye atakayekunawisha mikono."

Moloimet alipanda kilima akiimba.

Jumamosi, mkesha wa Krismasi, mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni ya jana. Nyumba ya Cresensia ilivuja mafigani, moto ukafa. Bibi huyo ndiye aliyekabidhiwa makande ya kanisa, mahindi na maharage ambayo kila nyumba ilichangia kiganja kwa kiganja, maana njaa ilikuwepo. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba. Alimpa Moloimet kigae akamwambia akimbie kwa majirani.

Kwa jirani wa kwanza hapakuwa na moto. Kwa wa pili walikuwa wanapuliza majivu yaliyolowa. Moloimet akasimama kwenye ukungu akitazama huku na huku. Moshi ulikuwa mmoja tu, chini kule, kwa Mama Antonia.

Hakumkuta. Alikuwa ameshuka mtoni kwa njia yake. Moloimet alipiga hodi, akaingia, akachota makaa mekundu, akayafunika kwa kofia yake. Kwao Ngorongoro moto hauna mwenyewe. Unachukua, halafu unamwambia mwenye nyumba mkikutana. Alipanda kilima mbio, kofia ikiungua, naye akicheka.

Cresensia hakuuliza moto umetoka wapi. Ingekuwa kama kuuliza kama maji ya kunywa yametoka kaburini. Alipika uji, na kikombe cha kwanza alimpa Antonia, aliyekuwa anatetemeka kwa baridi. Moloimet akanywa cha pili. Kisha majirani wakaja na vigae vyao. Kufikia mchana kila nyumba ya upande ule wa kilima ilikuwa inapika, na chungu cha kanisa kilikuwa kinatokota.

Alasiri alifika Mzee Qamara, mzee wa kanisa na mzee wa mila pia, mtu mpole aliyewahi kuzika watoto wake mwenyewe. Alikaa, akaota moto, akasema Mungu amewakumbuka. Akauliza ni nani aliyewaokoa.

"Ni mimi, mzee," Moloimet akasema kwa furaha. "Nimeutoa kwa Mama Antonia. Hakuwepo, nitamshukuru kesho."

Cresensia aliachia mwiko ukazama kwenye makande. Mzee Qamara aliondoa mikono yake kwenye joto, polepole, akaifuta kwenye koti.

"Rudia," alisema.

Moloimet akarudia, safari hii bila furaha.

Hakupigwa. Watu wa huko si wa kelele. Mzee alitoka, akapeleka habari nyumba hadi nyumba, na moshi ukaanza kukatika mmoja baada ya mwingine. Maji yalimwagwa mafigani. Uji ulimwagwa. Makande ya kanisa yalifukiwa kwenye shimo na mikono ile ile iliyoyachanga. Moloimet aliwafuata akisema huu ni moto tu, kwamba Kristo ameondoa laana zote, na mambo mengine ya chuo cha Biblia. Wote walikuwa wamebatizwa, hawakubishana naye. Mwishowe Mzee Qamara ndiye aliyemjibu.

"Wewe ni mtoto wa Wamasai. Hawakukufundisha kupekecha moto kwa vijiti?"

"Walinifundisha."

"Mbona hukupekecha?"

Alijua tangu akichunga ndama, ila shuleni aliona aibu akaacha.

Krismasi ikawa Jumapili bila ibada. Moloimet aligonga kipande cha reli kilichokuwa kengele ya kanisa, akasubiri, akagonga tena. Mabenchi yalibaki matupu. Nje, wazee walikuwa wanapekecha moto mpya na vijiti vimelowa. Watoto walilia njaa na hapakuwa na cha kuwapa ila mahindi mabichi yaliyolowekwa. Nyumba pekee iliyokuwa inatoa moshi ilikuwa ile ya ng'ambo.

Moto ulishika siku iliyofuata, na wazee wakakaa kuamua. Nyumba ya Cresensia ifungwe. Marsela, aliyekuwa aoshwe wiki hiyo, aanze upya mpaka mavuno mengine. Mtoto aliyekunywa wa kwanza ni wa moto ule, basi aende ulikotoka.

Hakuna aliyetaka kumshika Antonia mkono. Moloimet akamshika. Mtoto alikuwa amevaa gauni la Sikukuu na alishuka akirukaruka, maana aliambiwa anakwenda kwa mama.

Marsela aliwaona wakifika korongoni. Akainama, akaokota kokoto, akatupa. Ilimpiga Antonia kwenye kifundo. Mtoto alisimama, akamtazama Moloimet.

"Mrudishe," Marsela alisema.

"Wamesema akae kwako, mama."

"Nani amesema?"

Akamweleza yote, mvua, kigae, kofia, uji. Marsela alisikiliza akiwa na kokoto nyingine mkononi. Tangu Jumamosi alikuwa ameona nyayo mlangoni na mafiga yaliyoguswa, na alikuwa ameomba mtu huyo awe mwizi.

"Nimemfukuza huyu mwaka mzima," alisema. "Ananichukia kwa hayo mawe. Nikasema shauri yake, atakuja kujua akiwa mkubwa. Wewe umemleta kwa asubuhi moja."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Atakaa dawati gani?"

Antonia alikuwa ameshavuka, ameshika nguo ya mama yake, na Marsela hakuwa na sababu tena ya kumsukuma.

Siku chache baadaye Landrova ya misheni ilikuja. Mchungaji alikuwa amesikia, na aliona ni busara kijana ahamishiwe Karatu mjini, kwenye kazi ya bustani. Bartolomeo alikuja nayo, amekonda kwa homa. Alimletea mwenzake pakiti ya viberiti, akaiweka juu ya jiwe badala ya kumpa mkononi. Moloimet alisema anataka kubaki, atawakatia kuni, atakaa nao ng'ambo.

"Utakaa mpaka lini?" Bartolomeo aliuliza. "Septemba mwaka wako umekwisha, unarudi kwenu. Sisi na wao tupo. Panda gari, ndugu."

Akapanda. Dereva, mtu wa Moshi asiyejua lolote, alimpa mkono na kumpigia soga.

Gari lilipita juu ya korongo. Antonia alikuwa chini, bado na gauni lake. Msichana wa rika lake alikuwa anapita upande wa huku na mama yake, na Antonia akaanza kushuka kumfuata, akimwita jina.

Mama wa yule msichana aliinama, akaokota kokoto.