Noti ya Daraja la Kwanza

Shangazi aliniachia duka kwa majaribio.

"Leo ni wewe na wateja," alisema, akajitia nyuma ya pazia na kikombe chake cha chai. "Ukiboronga, funguo nampa binamu yako."

Binamu yangu alikuwa ameshapima ukuta wetu atundike vifuniko vya simu. Futi yake aliiacha juu ya kaunta, makusudi.

Sisi tunauza noti za ukumbusho. Hazinunui hata kiberiti. Upande mmoja kuna mnara, lango au jengo maarufu. Upande wa pili sifuri nene, imekaa kwa madaha kama bibi harusi. Watu huzikusanya. Isiyo na mkunjo tunaiita ya daraja la kwanza. Iliyochakaa, la tatu.

Simu ikaita. Alikuwa Babu Albamu, mteja wa Shangazi tangu duka lifunguliwe.

"Mjukuu wangu, niwekee noti ya daraja la kwanza. Nimebakiza hiyo tu kwenye albamu."

"Hesabu unayo, babu."

Nikamchagulia noti ya mnara wa saa, mpya, kali kama wembe. Alipofika aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Nini hii?"

"Noti ya daraja la kwanza, babu."

"Daraja liko wapi? Mimi naona mnara."

"Pitisha kidole. Haina hata mkunjo."

"Binti, nimeomba daraja, unanipa mnara. Nikiomba chai utanipa kiatu?"

Nyuma ya pazia kikombe kiligonga kisahani. Ndipo nikakumbuka: kabla ya daraja letu la sasa kulikuwa na la chuma, lililobomolewa zamani, na watu wa umri wake bado huliita Daraja la Kwanza.

Noti ya daraja hilo tulibaki nayo moja, ile tuliyowashikisha wateja wabishi waone noti iliyochakaa ikoje. Ilikuwa na mkunjo katikati, pembe zimelegea. Ningeweza kusema zimekwisha. Nikaitoa.

"Daraja la Kwanza ndilo hili, babu. Ila noti yenyewe ni ya daraja la tatu. Sikufichi."

Akavaa miwani. Kidole chake kikatambaa juu ya nguzo, kikasimama.

"Nguzo hii niliipaka rangi mimi. Nikaangusha kopo mtoni, msimamizi akanitukana mpaka samaki wakaona haya."

"Na mkunjo, babu?"

"Daraja lenyewe lilipinda kabla halijavunjwa. Nifungie."

Alipoondoka, Shangazi alichungulia.

"Neno moja tu nusura litutie hasarani."

"Neno halina kosa, Shangazi. Sisi ndio tuliolitwisha mizigo miwili. Kuanzia leo noti iwe na hali, nzuri au mbaya. Daraja tuwaachie wanaovuka."

Akapuliza chai iliyokwisha kupoa. Kisha akasukuma funguo kuelekea kwangu.

"Mpigie binamu yako. Aje achukue futi yake."