Siku ya Tano ya Binti wa Nikarete

Hapa Athene mtoto si wa nyumba mpaka siku ya tano, baba anapombeba na kukimbia naye kuzunguka meko. Kabla ya hapo, baba akimkataa, anatiwa kwenye chungu na kuachwa nje ya mji. Hakuna anayeulizwa.

Siku ya tano ya binti wa pili wa bibi yangu Nikarete, mumewe Timandro alishinda katika chumba cha wanaume na mwalimu wake Euforbo, wanakula pweza. Mimi mjakazi wao nilikuwa nawamiminia divai. Bibi alikuwa juu na mtoto kifuani. Mara tatu alinituma nikasikilize kama anaitwa.

Nilichosikia ni habari za wema na maisha mazuri. Euforbo alikuwa akifundisha mdomo umejaa, mafuta yakimchuruzika kwenye ndevu.

"Wema ni kiasi. Jasiri yuko katikati ya mwoga na kichaa. Mkarimu yuko katikati ya bahili na mfujaji."

"Na baba je?" Timandro akauliza. "Binti mmoja ninaye. Huyu wa juu ni wa pili."

Euforbo akajifuta vidole kwa mkate, akamtupia mbwa. "Mmoja ni kiasi, rafiki yangu. Wawili umezidisha."

"Mke wangu atalia."

"Basi alie. Mtu mwema anaamua, kisha anaendelea kula."

Wakacheka. 

"Wewe, Habro," Timandro akaniambia bila kunitazama. "Chukua chungu cha dengu. Mwambie bibi yako namtaka mtoto nimzungushe meko, asije akanisumbua. Kisha mpeleke nje ya lango la mji."

Nilikwenda nikausema uongo ule kama ulivyo. Nikarete alimfuta mtoto uso, akamvika kitambaa kipya, akambusu nyayo zote mbili. "Mwambie bwana asikimbie sana, shingo yake bado laini."

Nje ya lango nilikuta vyungu viwili. Kimoja kilikuwa kimya. Kingine mbwa walikuwa wamekipindua, na bado walikuwa wanalamba ndani.

Sikukitua changu. Nilikwenda hadi kwa Glike, mke wa mfinyanzi, aliyezika mtoto juzi na kujifunga matiti kwa kitambaa ili maziwa yakauke.

"Wa nani huyu?"

"Wa nje ya lango."

"Una wazimu, mwanangu. Mume wangu atasemaje?"

"Mumeo yuko kwenye tanuri. Unamchukua, au nimrudishe kwa mbwa?"

Alinitukana, tena tusi zito, huku vidole vyake vikifungua kitambaa.

Niliporudi walikuwa wameanza samaki. "Tayari?" Timandro akauliza.

"Tayari, bwana."

Euforbo akamshika Timandro mkono, akauinua kwenye mwanga. "Ona. Hautetemeki hata kidogo. Leo umekuwa mtu mwema." Na Timandro akautazama mkono wake mwenyewe, mnono, unanuka samaki, akatabasamu kama aliyepewa taji. Nilimmiminia divai. Nilitamani iwe maji ya kuoshea miguu.

Nikarete alikuwa amesimama juu ya ngazi, nguo yake imelowa maziwa.

"Amemzungusha mara ngapi?"

Nilimziba mdomo kwa kiganja kwanza. "Hakumzungusha, bibi. Lakini yuko kwa Glike, ananyonya. Usilie kwa sauti, watakusikia."

Aliniuma kiganja mpaka damu ikatoka, na hakutoa sauti.